Nilidhani Nabishana na Mwanangu

Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka Tanga mwaka 2005, na tangu wakati huo nashona hapa Alexandra, Johannesburg, ndani ya kontena lililo kando ya barabara. Wenyeji hupaita Alex tu. Nashona sare za shule, magauni ya harusi na mishono ya vitenge kwa Watanzania, Wakongo na Wamalawi tunaoishi humu, na kwa wenyeji pia. Kila mteja ana ukurasa wake kwenye daftari langu la vipimo: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kifungua mimba wangu naye anao. Kila Idi, tangu alipokuwa na miaka minne, nimempima na kumshonea gauni, na kila mwaka vipimo vilipanda kidogo, kama inavyotakiwa kwa mtoto anayekua.

Mwaka 2022, wiki ya mwisho ya Ramadhani, nilimpima, nikaandika, kisha macho yakaenda kwenye mstari wa mwaka uliotangulia. Nikadhani nimekosea. Nikampima tena. Tepu haikuwa na kosa. Alikuwa na miaka 16, amerefuka, lakini mwili ulikuwa umerudi nyuma miaka kadhaa. Namba zenyewe sitaziandika hapa. Nimejifunza kwamba ugonjwa huu unapenda sana namba, na huenda kuna binti anayesoma makala hii akiwa anaumwa. Sipendi apate cha kujilinganisha nacho.

“Mbona umekwisha hivi, mama?” nilimuuliza.

“Ni funga tu, baba. Nikianza kula mchana nitarudi.”

Nilimwamini. Nikalibana gauni ubavuni pande zote mbili, na siku ya Idi watu wakamsifu kwa kupendeza.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu walio ugenini, na kwa vijana wanaosoma mbali na kwao, kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa miezi minne. Nilidhani mtoto mwenye akili ukimweleza ataelewa. Sikujua kwamba njaa ikikaa mwilini muda mrefu huifikia hata hiyo akili unayozungumza nayo.

Mtoto wa kupigiwa mfano

Baada ya Idi akafunga sita za Shawali. Zikaisha, akaendelea na Jumatatu na Alhamisi. Mama yake alifurahi. Tunaishi mahali ambapo watoto wa watu hupotelea kwenye nyaope mbele ya macho ya wazazi wao, na sisi tulikuwa na binti anayefunga sunna. Siku asizofunga alisema amekula shuleni. Shuleni, tulikuja kujua baadaye, alisema atakula nyumbani.

Wakati huohuo akageuka mpishi wa nyumba. Ijumaa pilau, Jumapili chapati, asubuhi maandazi kabla wadogo zake hawajaamka. Usiku alitazama video za mapishi hadi saa sita, akiyanakili kwenye daftari kwa rula na kalamu za rangi mbili. Aliwapakulia wadogo zake na kuwasimamia mpaka wamalize. Yeye alikata tango vipande vidogo kama punje za mahindi, akala kwa kijiko cha chai, na kimoja hakikuisha kabla sisi hatujanawa mikono. Mama yake alisema, “Huyu atapata mume mapema.” Tulicheka.

Ripoti ya shule ilitoka mwezi Juni. Wa kwanza darasani. Niliibandika ukutani ndani ya kontena, juu ya cherehani, kila mteja aione. Sikujua ilivyopatikana. Mdogo wake wanayelala chumba kimoja ndiye aliyeniambia: “Baba, dada anasoma ukurasa mmoja mara nne. Na herufi ikienda upande anachana karatasi, anaanza upya.” Kazi ya saa moja ilikuwa inamchukua usiku mzima. Mimi nikaona bidii.

Kisha ukaja usiku wa mgao wa umeme. Kufikia hapo mwenyewe alikuwa amejipangia kula chakula cha jioni saa kumi na mbili kamili. Siku hiyo umeme ulikatika saa kumi na moja na nusu, chakula kikawa tayari saa moja kupita. Akatazama sahani, akasema, “Muda umepita.” Nikamwambia chakula hakina saa. Akaanza kulia, si kilio cha mtoto aliyedeka, bali kilio cha mtu aliyepokea habari ya msiba.

Nilikasirika. Katika chama chetu cha kuzikana mimi ndiye mnayemwita watu wakigombana, kwa hiyo najijua kuwa naweza kusema na mtu akanisikia. Nikasema naye saa nzima. Nikamweleza habari ya afya, ya jasho langu, ya watoto wa Tanga ambao wangeshukuru kuipata sahani ile. Kila nililosema alikuwa na jibu, na majibu yake yalipangwa kuliko maneno yangu. Alinitajia hata hadithi ya Mtume kuhusu theluthi ya tumbo. Mwisho nikampigia meza. Alikwenda kulala bila kula, nami nikalala nikijua nimemshindwa mtoto wangu mwenyewe kwa hoja.

Kila mtu na lake

Mtu akikonda kwetu, kila jirani ni daktari. Wapo walionong’ona UKIMWI. Wapo waliosema amefanyiwa mambo. Mama yangu kutoka Tanga alisema kwenye simu, “Mwanangu, mlete huku ale samaki na kisamvu, huko mnawalisha mikate tu.” Mimi nilisema kiburi. Katika kituo kimoja cha afya walimpima virusi, wakampima kifua kikuu, wakaona ni mzima, wakampa vidonge vya vitamini. Nilipouliza kama kuna ugonjwa wa kukataa chakula, nikaambiwa huo ni wa mabinti wa Kizungu walioko ng’ambo ile ya barabara kuu. Aliyesema alinyoosha mkono kuelekea maghorofa ya Sandton, ambayo ukiwa Alex unayaona kila siku.

Nimekuja kujua kwamba maneno hayo yalishapitwa na wakati. Mwaka 1995 Christopher Szabo, daktari wa magonjwa ya akili hapa Johannesburg, na wenzake walikwishaandika katika jarida la kitabibu la Afrika Kusini habari za mabinti weusi wenye matatizo ya ulaji. Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti uliofanywa kwetu Tanzania, nao ukakuta dalili za aina hiyo kwa baadhi ya wanawake. Lakini kuna upande wa pili ambao ni kweli pia. Mwaka 2004 Daniel le Grange, mtafiti mzaliwa wa Afrika Kusini, na wenzake walieleza walivyowahoji vijana weusi wa familia maskini ambao majibu yao kwenye dodoso yalionyesha kama wana ugonjwa huu. Walipokaa nao na kuwauliza vizuri, waligundua kwamba wengi walikuwa wanaeleza njaa ya kawaida. Dodoso linauliza kama unafikiria chakula kila mara. Mtoto ambaye kwao hakijapikwa kitu atajibu ndiyo. Kwa hiyo mtaani kwetu mtu anaweza kukosea pande zote mbili: kumwita mwenye njaa mgonjwa, au kumwita mgonjwa mwenye kiburi.

Mwishoni mwa Agosti alianguka ndani ya kontena, mkononi ameshika kopo la pini. Pini zilitawanyika sakafuni na yeye juu yake. Nitasema ukweli: hata hapo nilisita. Siku hizo huko Pretoria kulikuwa na watu waliosimama mlangoni mwa hospitali kuwazuia wageni, na sisi sote tulikuwa tumeziona video. Jirani yangu, mwenyeji wa hapa, mama muuza magwinya, ndiye aliyepiga kelele, “Unangoja nini?” Akaita gari ya mwanawe.

Swali la daktari

Hospitalini walimfunga waya kifuani. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, mikono ya baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni, na kwenye vigasha vyake kulikuwa na vinyweleo laini ambavyo sikuwahi kuviona. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mtoto wa dada yangu. Nilitegemea aniulize habari za kukonda. Yeye akaniuliza, “Anapenda kupika?”

Nikashtuka. Nikamweleza yote: pilau, daftari la mapishi, tango na kijiko cha chai. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari anayoijua. Akasema ugonjwa unaitwa anoreksia nevosa, na kwamba kati ya magonjwa ya akili ni miongoni mwa yanayoua zaidi. Kisha akavuta kiti akanisimulia kisa ambacho nimekisimulia mara nyingi tangu siku ile.

Mwezi Novemba 1944, vita kuu ikiendelea, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alikusanya wanaume 36 wenye afya njema. Walikuwa watu waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kusaidia kwa njia nyingine. Ulaya watu walikuwa wanakufa kwa njaa, na madaktari walihitaji kujua jinsi ya kuwarudisha. Wanaume wale walilishwa vizuri miezi mitatu ya mwanzo, halafu kwa miezi sita wakapunguziwa chakula hadi uzito wao ukashuka kwa karibu robo. Kisha wakaanza kurudishwa taratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kukonda. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa akili walipoanza. Lakini njaa ilipowakaa, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wengine wakakusanya mapishi. Mlo mmoja waliuvuta kwa saa nzima na zaidi, wakichanganya na kupanga vitu kwenye sahani. Mizaha ikaisha. Wakajitenga, wakawa wepesi wa hasira, wakasema hawawezi kutuliza mawazo kwenye kitu chochote isipokuwa chakula. Na jambo lililonigusa mimi baba wa ripoti ukutani ni hili: walipopewa mitihani ya akili, hawakuonekana wamepungua. Mitihani haikuona kilichokuwa kinatokea ndani.

Daktari akasema, “Baba, ubongo ni kama sehemu mbili tu kati ya mia ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu moja ya tano ya nguvu zote tunazopata kwenye chakula. Chakula kikikosekana, nao unabana matumizi. Binti yako hakuchagua kuwa hivi usiku ule wa mgao. Ulikuwa unabishana na njaa.”

Nilielewa kwa sababu moja. Mwezi Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia hapahapa Alex. Mke wangu na mtoto walikuwa bado Tanga. Nilikimbilia kituo cha polisi pamoja na mamia ya wenzangu, na siku za mwanzo kula ilikuwa kwa kubahatisha. Nakumbuka nilishindwa kuhesabu noti chache nilizokuwa nazo mfukoni. Nilizihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Usiku niliota ugali. Asubuhi nilikuwa na hofu ya kila kitu, ila jambo pekee nililoweza kulifikiria mpaka mwisho ni ugali. Hizo zilikuwa siku chache tu. Mwanangu alikuwa na miezi.

Lakini daktari alinionya nisichanganye mambo. Mwenye njaa ya kawaida ukimpa sahani anakula. Mwenye anoreksia anaiogopa sahani. Ugonjwa una mizizi yake: damu ya ukoo, tabia ya kuzaliwa, hofu, wakati mwingine maneno ya watu kuhusu mwili. Haukuletwa na mama yake wala na mimi. Haukuletwa na Ramadhani pia. Funga ilikuwa mlango tu ambao ugonjwa uliukuta wazi. Njaa sasa ndiyo inayoufunga mlango huo kwa ndani.

Anaona mshono, haoni gauni

Alilazwa wiki kadhaa. Alipopata nguvu kidogo, mwanasaikolojia alimpa kazi za kufanya, akaniruhusu nione majibu. Ya kwanza ilikuwa mchoro wenye mistari mingi: mstatili mkubwa, misalaba, pembetatu, duara. Unaunakili, halafu baadaye unauchora bila kuuona. Watu wengi huanza na mstatili mkubwa, kisha hujaza ya ndani. Mwanangu alianza na kidude kidogo pembeni, akakichora kwa usahihi wa kushangaza, akahamia kingine, na kingine. Alipouchora kwa kumbukumbu, vidude vilikuwepo lakini umbo lenyewe lilikuwa limeachana.

Mimi ni fundi, nililiona hilo mara moja. Anaona mshono, haoni gauni. Nina wanafunzi waliokuja kwangu wakiwa hivyo. Atashona pindo lisilo na kasoro kwenye sketi iliyokatwa kombo. Nikakumbuka herufi iliyokwenda upande na karatasi iliyochanwa. Nikakumbuka kwamba kwenye kioo alikuwa anatazama sehemu moja ya tumbo, kila siku sehemu hiyohiyo, wala hakumwona msichana mzima aliyesimama pale.

Kazi ya pili ilikuwa ya kadi zenye maumbo na rangi. Unazipanga kwa kanuni unayoigundua mwenyewe, na katikati kanuni inabadilishwa bila kuambiwa. Wengi hukosea mara chache, wakashtuka, wakabadilika. Yeye aliendelea na kanuni ya zamani huku akiambiwa umekosea, umekosea, umekosea. Alijua anakosea. Hakuweza kuiachia. Nikasema moyoni: saa kumi na mbili kamili.

Wataalamu wamekuta mambo haya mawili kwa wagonjwa wengi, yaani kung’ang’ania kijisehemu na ugumu wa kugeuza fikra. Si kila mgonjwa yuko hivyo, na kwa vijana mara nyingi huwa nafuu kuliko kwa watu wazima walioumwa miaka mingi. Baadhi huwa na mwelekeo huo tangu utotoni, njaa ikauzidisha. Picha za ubongo nazo huonyesha kwamba wakati wa ugonjwa mkali ubongo hupungua ujazo. Niliposikia hilo nilitaka kutoka nje. Lakini mwanasaikolojia akamalizia: mwili ukirudi, sehemu kubwa ya kilichopungua hurudi. Mapema ni bora kuliko baadaye.

Alinieleza pia kuhusu mazoezi yaliyoendelezwa London na Profesa Kate Tchanturia na wenzake wa King’s College. Hayagusi habari za chakula wala uzito. Yanamzoeza mgonjwa kufikiri kwa njia zaidi ya moja: kutazama picha moja kwa macho mawili tofauti, kufupisha barua ndefu kwa sentensi moja, kuvaa saa mkono mwingine, kupita njia nyingine kurudi nyumbani. Nilidhani ni michezo ya watoto, mpaka nilipoona inavyomtoa jasho.

Chakula kwanza

Siku ya kwanza wodini nilitaka kwenda kununua chipsi na kuku nimjaze tumbo. Muuguzi alinizuia. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damuni yanaweza kuporomoka, hasa fosfeti, na moyo ukasimama. Wanaanza kidogo, wanapima damu, wanaongeza. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, aliyekonda kupita kiasi asianze kulishwa nyumbani kwa kubahatisha. Daktari kwanza.

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kazi ilikuwa yetu. Tulifundishwa njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley huko London, ambayo Le Grange huyohuyo ni mmoja wa walioiandikia kitabu cha mwongozo mwaka 2001. Msingi wake ni kwamba mzazi anachukua usukani wa chakula kwa muda, mpaka mtoto apate akili ya kuushika mwenyewe. Milo mitatu na vitafunio, mezani, pamoja nasi. Hakuna kuhesabu, hakuna mizani nyumbani, hakuna kusifia wembamba wa mtu yeyote. Na hakuna mabishano. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Akisema, “Baba, nimeshiba,” nilikuwa na sentensi moja tu: “Najua ni vigumu, mama. Kijiko kinachofuata.” Akitoa hoja tano, jibu langu lilikuwa hilohilo. Uji wa ulezi wenye maziwa na siagi ya karanga tuliumaliza kwa saa moja na nusu, siku nyingine kwa machozi. Mara mbili alirusha bakuli. Mama yake alifuta sakafu, akapakua tena.

Mama yangu hakuelewa. “Mnamlisha kama kifaranga? Huyo wa kuolewa?” Nikamwambia, “Mama, angevunjika mguu ungemwambia atembee? Kilichovunjika ni kile cha kufikiria chakula. Tunamshikia mpaka kiunge.” Akanyamaza, kisha akasema, “Basi mtie nazi kwenye hayo maharage.” Tukatia.

Sheikh wetu naye alitusaidia. Nilimpeleka kwake mwanangu mwenyewe asikie kwa masikio yake kwamba mgonjwa hana funga, na kwamba kula kwake ndiyo ibada yake kwa sasa. Kama una mtoto anayetumia dini kujificha, usibishane naye kwa aya. Mtafute mwanachuoni mwenye huruma aseme naye.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: maneno hayakutangulia, chakula ndicho kilichotangulia. Wiki za mwanzo alinichukia. Wiki ya saba au ya nane alicheka kwa mzaha wa mdogo wake, na mama yake akatoka nje kwenda kulia. Mwezi wa nne alianza kusema yeye mwenyewe, “Baba, kuna sauti inaniambia nisile, najua ni ya uongo, ila ina nguvu.” Miezi mitano nyuma sauti hiyo na yeye walikuwa kitu kimoja. Hapo ndipo mazungumzo na mwanasaikolojia yalipoanza kuzaa matunda, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mgao mwingine

Ramadhani ya 2023 sisi tulifunga, yeye hakufunga. Jioni moja, robo saa kabla ya magharibi, umeme ukakatika, ugali ukiwa bado maji. Nilimtazama mama yake, naye akanitazama. Tulikuwa tunangoja msiba.

Akafungua kabati gizani, akatoa mkate. “Baba, tufuturu na hiki na siagi ya karanga. Ugali utaliwa ukiiva.” Akakata vipande, vingine vinene, vingine vyembamba, havikulingana hata kidogo, akala pamoja nasi huku akimwambia mdogo wake asimalize siagi. Sikusema neno. Nilitafuna mkate wangu polepole, maana koo lilikuwa limebana.

Idi ile sikumpima. Nilimshonea dera, nguo isiyodai kiuno cha mtu. Ukurasa wake kwenye daftari upo, mstari wa mwisho ni ule wa 2022.

Alirudia darasa la 11, akamaliza matriki mwaka 2024. Kuna nyakati ugonjwa hugonga mlango, hasa wakati wa mitihani, nasi twarudi kwenye meza na kijiko kinachofuata. Hakuwa wa kwanza darasani. Alipata alama za kawaida, na mwaka huo alikuwa na marafiki watatu waliokuwa wakimjia kwenye kontena kumkokota waende kula kota. Ripoti hiyo pia niliibandika.

Ndugu msomaji, ukiwa mzazi ugenini, usizitegemee alama za shule kukuambia kama mtoto ni mzima. Tazama kama anaweza kubadili mpango bila kuvunjika. Tazama kama anapika na hali. Tazama kama mizaha imekwisha. Kama wewe ni mwanafunzi unayeishi peke yako na umejitambua humu, mwambie mtu mmoja leo, kabla hujamaliza kujipangia hoja za kutomwambia. Walio Johannesburg wajue kwamba Tara, hospitali ya umma iliyoko Hurlingham, si mbali na Alex, ina kitengo cha matatizo ya ulaji. Popote ulipo, anzia kwa daktari, na ukijibiwa kwamba ugonjwa huu si wa watu weusi, mshukuru kwa adabu uende kwa mwingine.

Mwanangu ameisoma makala hii kabla sijaituma. Amefuta mistari miwili, akarekebisha hijai zangu, akasema, “Baba, umeandika ndefu mno.” Kisha akauliza kama kuna chapati zilizobaki.